Ukoko wa Kaka Yetu

Krismasi ya kwetu huanza kwa ubishi. Desemba ikiingia tu, mama anatuita nyumbani Tegeta tupange vyakula, na hataki kusikia habari ya kupanga kwa simu. Mimi natokea Kigamboni, nimeshachoka na foleni kabla sijafika Mwenge. Mdogo wangu wa kike anatokea chumbani kwake, maana hajahama mpaka leo na wala hana dalili. Tunakaa barazani, ungo wa mchele katikati, mama anachambua huku anatusikiliza, na kila mmoja anakipigania chakula chake.

Mdogo wangu ni mtu wa kuku wa kuchoma na soda za baridi. Mimi nataka ndizi nyama za kwetu Moshi, zile zinazotokota mpaka mchuzi unakuwa mzito na nyama inaachia mfupa. Mama anataka pilau, na pilau ya mama haijadiliwi. Alifundishwa na jirani yetu mwenye duka, mama wa Kiarabu ambaye wazee wake walifanya biashara pwani hii tangu enzi ambazo Tegeta ilikuwa pori. Mama yangu, mwalimu mstaafu aliyekulia kwenye migomba, aliishika hiyo pilau akaifanya yake, mpaka ikafika mahali jirani mwenyewe akawa anaomba aletewe sahani.

Tukishamaliza kugombana, mama alikuwa na neno la mwisho kila mwaka. Anapepeta ungo wake, anasema bila kumtazama mtu, "Na ukoko wa kaka yenu."

Kaka yetu ndiye kifungua mimba. Alikwenda Sauzi kutafuta maisha, begi moja na maneno mengi. Miaka ya mwanzo alikuwa akipiga simu. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya Krismasi yenyewe, mchana, tumekaa mezani, mama akaweka sauti kubwa ili wote tumsikie. Akauliza tumepika nini. Mama akamwambia pilau. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Mama, mie niwekee ukoko." Tokea hapo namba yake haikupatikana tena. Wale aliokuwa akiishi nao huko hawakuwa na jibu lililonyooka: mmoja alisema amehama mji, mwingine alisema hamjui mtu wa namna hiyo.

Basi mama akaweka ukoko. Kila Krismasi aliongeza makaa chini ya sufuria kwa makusudi, ili wali wa chini ushike, ukauke, upate rangi ya chai ya maziwa. Aliukwangua kwa mwiko, akautia kwenye bakuli lenye mfuniko, bakuli likaingia kwenye friji. Sisi hatukuwa na ruhusa ya kuugusa. Ulikaa humo mpaka mwaka mpya umepita, kisha siku moja unakuta bakuli limeoshwa na kuanikwa, na kuku wa jirani wanadonoa kitu nje ya ukuta wetu.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikuwahi kumsimulia mtu yeyote kazini kwangu. Geti letu lina tundu la kupitishia mkono ili ulifikie komeo lililo upande wa ndani. Watu wote hugonga bati. Kaka peke yake hakuwa akigonga. Aliingiza mkono akalitikisa komeo harakaharaka, akanyamaza, kisha akalitikisa tena mara moja tu. Ni mlio mdogo wa chuma kikicheza ndani ya chuma, lakini ukiwa barazani unausikia. Mama alikuwa akisema kila mwaka, kuanzia Novemba mpaka Krismasi, komeo linatikiswa. Unaweza kumkuta anakata vitunguu, anainua kichwa, anasema, "Huyo." Mdogo wangu anakwenda kufungua. Nje hakuna mtu. Mama anarudi kwenye vitunguu vyake, uso umetulia, kama aliyepewa salamu alizokuwa akizingoja. Mimi nilikuwa nikisisimka mwili mzima, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale na sikusikia kitu.

Sasa mwaka jana mama alituita kama kawaida. Nilipofika nikakuta ungo umejaa maharage. Nikadhani ni ya chakula cha usiku, nikaketi. Mdogo wangu akaanza na kuku wake.

"Kuku hapana," mama akasema.

"Hapana vipi tena, Mama?"

"Tutapika nyama ya ng'ombe. Nyanya, vitunguu, chumvi, basi. Na maharage haya. Na kabichi."

"Pamoja na pilau," nikasema mimi.

"Wali mweupe."

Nilicheka. Nikamuuliza kama daktari amemkataza viungo. Akasema daktari hana habari na viungo vyake. Aliongea kwa sauti ya darasani, ile ya kuwaambia watoto wafungue vitabu, haina hasira wala haina nafasi ya swali. Mdogo wangu akauliza kuhusu soda. Mama akasema tutakunywa chai ya rangi. Nikauliza ndizi zangu. Akasema ndizi zina kazi nyingi na haziwatoshi watu.

"Watu gani?" nikasema. "Sie si tuko watatu?"

"Watakuja watu."

Mdogo wangu na mimi tukatazamana. Anayeijua Tegeta ya Krismasi anaelewa kwa nini. Mtaa wetu umejaa watu wa bara, na Krismasi ikikaribia karibu wote wanapakia magari na kwenda makwao. Nyumba zinabaki na walinzi. Taa za nje zinawaka mchana na usiku kwa sababu waliosafiri wamesahau kuzizima. Mbwa wanalala katikati ya barabara. Hata mama, tangu magoti yake yalipoanza kumsumbua na tukaacha kwenda Moshi, alikuwa akilalamika kwamba Krismasi ya hapa haina hata wa kumpelekea sahani, ukimtoa jirani mwenye duka.

Nilikuwa nikingoja lile neno lake la mwisho. Mama akasimama, akakung'uta kanga yake, akachukua ungo na kuingia ndani. Nikamfuata jikoni.

"Mama, na ukoko wa kaka?"

"Mwaka huu haji," akasema.

"Kwani kuna habari umepata?"

Akayamimina maharage kwenye beseni, akayafunika maji. "Komeo limenyamaza," akasema. "Mwezi mzima nakaa pale nasikiliza. Miaka yote alikuwa anafika mpaka getini, akishindwa kuingia anarudi. Mwaka huu hafiki."

Nilikuwa nimezoea kumwogopa mama anaposema anasikia. Siku ile, nimesimama pale kwenye mlango wa jikoni, niligundua kwamba ninaogopa zaidi aliposema hasikii. Nilimwambia anywe dawa zake za presha, nikaondoka.

Njiani kurudi Kigamboni vile vyakula havikuniacha. Wali mweupe, maharage, kabichi, nyama isiyo na viungo, chai ya rangi. Nilikuwa nakijua kile chakula. Nilikuwa nimeshakila mara nyingi, sahani iko mapajani, tena kwa kijiko cha kuazima, ila sikuweza kukumbuka nilikila wapi. Nilivuka daraja nikijaribu kukumbuka, nikalala bila kukumbuka.

Mkesha wa Krismasi, kabla ya adhuhuri, mdogo wangu akanipigia. "Dada, njoo leo. Usingoje kesho."

"Mama anaumwa?"

"Haumwi. Njoo tu uone sebule."

Nilifika mtaani kwetu nikakuta mtaa uko vilevile unavyokuwaga, mweupe, hauna mtu. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe kwenye kokoto. Ndani, sebule ilikuwa tupu. Makochi yalikuwa nyuma ya nyumba yamefunikwa turubai. Meza ya chakula haikuwepo. Sakafuni ilitandikwa mikeka, ukuta hadi ukuta, na kwenye kona ya mbali godoro la mama lilikuwa chini, limetandikwa shuka safi. Televisheni ilifunikwa kanga. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya mikeka na nywele zake mpya za Krismasi, zimesukwa vizuri, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mama ameanza kuchanganyikiwa.

Kabla sijajibu, bati la geti likagongwa. Lilikuwa guta la magurudumu matatu, limebeba masufuria.

Masufuria yale kila mtu wa mtaani kwetu anayafahamu. Ni ya kikundi cha akina mama, makubwa kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa ndani yake akaoga, meusi kwa nje, yamepakwa alama ya rangi nyekundu masikioni. Yanatunzwa kwenye stoo ya jirani yetu mwenye duka. Hayapiki harusi wala kipaimara. Ukitaka masufuria ya sherehe, unakodi kwingine. Haya yanatoka stoo mtu akifa, na mpishi mkuu kwenye misiba hiyo yote, tangu nikiwa sekondari, alikuwa mama yangu. Ndipo nikakumbuka kile chakula nilikila wapi. Nilikuwa nimekila chini ya maturubai ya watu wote wa mtaa huu, na mama ndiye aliyekipika.

Nikamwendea. Alikuwa anakata kabichi.

"Mama, yale ni masufuria ya msiba."

"Ni masufuria," akasema. "Kazi yake ni kupika."

Nilitamani kubisha. Mimi ni mtu wa kubisha, mama mwenyewe anasema nilianza kubisha kabla ya kutembea. Lakini mikono yake ilikuwa inakwenda bila kutetemeka, kabichi inaanguka nyembamba, laini. Nikachukua kisu nikakaa kumsaidia.

Asubuhi ya Krismasi tulikuwa uani tangu mapema, mafiga yamewashwa, wali unachemka. Mama alivaa gauni la zamani la rangi ya udongo. Mdogo wangu, ambaye alikuwa bado anaitetea Krismasi yake, alivaa gauni jekundu na hereni. Hakuna muziki uliosikika kutoka nyumba yoyote. Moshi wetu ulikuwa ndio moshi pekee mtaani, ulipanda wima na kusimama juu ya bati.

Geti likagongwa. Nilifungua nikamkuta jirani yetu mwenye duka, baibui jeusi, kanga kiunoni, na nyuma yake wanawake wengine wa mtaa, wamejifunga kanga vilevile, mmoja na ndoo ya maji kichwani, mwingine amekumbatia sukari.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia. "Poleni sana."

"Pole ya nini, Mama?"

Akatazama nyuma yangu, akaliona gauni jekundu la mdogo wangu, akanirudia mimi. "Mwalimu alikuja dukani akaomba masufuria," akasema taratibu. "Sie hatuulizi."

Ni kweli, hawaulizi. Huo ndio utaratibu wao. Mtu akija kuomba masufuria yale, hakuna anayemlazimisha kutaja. Unampa, unafunga duka, unawapigia wenzako, mnajifunga kanga mnakuja kupika na kuosha vyombo. Jina la marehemu mtalisikia hukohuko. Nikaona wazi kwamba wamekosea. Mama aliomba masufuria kwa ajili ya sikukuu, na wao wakadhani ni msiba. Nikaanza kuwaeleza, nikacheka hata, nikawaambia jamani hapa hakuna aliyefariki, ni Krismasi tu, mama anapenda kupika kingi.

Sauti ya mama ikatokea ndani. "Karibuni. Piteni ndani."

Alikuwa ameshaketi kwenye godoro, miguu ameinyoosha mbele, kanga amejitanda kichwani. Wanawake wakavua viatu wakaingia. Jirani akapiga goti mbele yake, akamwambia, "Pole, Mwalimu."

"Nimeshapoa," mama akajibu.

Kisha akafungua mdomo na sauti ikatoka. Sikuwahi kuisikia sauti ile, hata baba alipofariki. Ilitoka chini sana, ndefu, na wanawake wote wakaipokea, na ndani ya kilio kile akaliita jina la kaka yangu. Mdogo wangu akaingia chumbani akarudi amelivua gauni jekundu. Nami nilikuwa bado nimesimama mlangoni na kicheko changu hakijaniisha vizuri usoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Wale wanawake hawakukosea kitu. Aliyekosea nilikuwa mimi. Mama alijua vizuri kuliko mtu yeyote yale masufuria yakipita barabarani watu wanafanya nini. Neno lile hakuweza kulitamka, akaacha masufuria yamtamkie.

Nilimchukia. Kwa muda fulani, nimesimama pale, nilimchukia mama yangu kwa moyo wote. Nikapita katikati ya watu, nikachutama karibu na sikio lake.

"Mama, hajafa. Hatujapata habari yoyote. Hatujaona mwili. Unamzikaje mtu hivihivi?"

"Simziki," akasema. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imerudi ile ya darasani. "Mie nimepika misiba ya watu wote hapa. Wa kwangu nimpikie lini?"

"Akirudi je?"

"Akirudi atakula."

Nilikwenda uani nikapakua wali, kwa sababu watu walikuwa wanaongezeka. Walikuja walinzi wa nyumba zilizofungwa, wakavua kofia getini. Walikuja akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa ambao hawakusafiri, wengine wakitoka kanisani moja kwa moja na nguo zao za sikukuu, wakaazima kanga za kujifunika. Mama alikuwa amepiga hesabu ya chakula sawasawa, kama kawaida yake. Walikula kimya, wakaosha vyombo, na mmoja mmoja wakaondoka bila kuaga, maana msibani hakuna kuaga wala kushukuru. Siku nzima ile hakuna aliyemwambia mwenzake Krismasi njema.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, bado liko juu ya ukuta, nilipomkuta mama uani peke yake na lile sufuria la wali. Alikuwa ameliinamisha, ameuingiza mkono wote na mwiko, anakwangua. Ukoko ulikuwa umeshika vizuri sana, unatoka vipande vipana. Alikuwa amelileta lile bakuli lenye mfuniko. Nikangoja aufunike na kuutia kwenye friji. Badala yake akavuta kigoda, akakaa, akaliweka bakuli mapajani, akaanza kula.

Mama hapendi ukoko. Magego yake mengi yameshang'olewa, na tangu zamani alikuwa akisema ukoko ni chakula cha watu wasioyahurumia meno yao. Alikuwa akitafuna polepole, upande mmoja, na ulikuwa ukivunjika mdomoni mwake kwa sauti. Mdogo wangu alikuwa bombani anasuuza vijiko.

"Kaa ule," mama akaniambia.

Nilikaa. Sikula. Nilikuwa nikimtazama akitafuna, na hasira yangu ilikuwa imekwisha, nimebaki na huzuni tu, huzuni ya kumwona akiumaliza.

Ndipo komeo likatikisika.

Lilitikisika harakaharaka, likanyamaza. Kisha likatikisika tena, mara moja.

Nilimgeukia mama. Alikuwa akitafuta kipande kingine ndani ya bakuli. Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa anahesabu vijiko. Hakuna kati yao aliyeinua kichwa. Nikasimama, nikazunguka nyumba, nikapita barazani. Niliona lile tundu la geti, mwanga wa jua umepenya ndani yake, hakuna mkono. Nikafungua. Barabara ilikuwa nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho, mbwa amelala palepale alipolala asubuhi, wala hakuwa ameamka. Nilipogeuka kulifunga, mkia wa komeo ulikuwa bado unacheza, nikauzuia kwa kidole ukatulia.

"Ulikwenda wapi?" mama aliniuliza niliporudi.

"Getini."

"Kuna nini?"

Alinitazama usoni alipouliza, na nilitafuta machoni mwake kile nilichokuwa nikikiona miaka yote anaposema "Huyo." Hakikuwepo. Alikuwa ameuliza tu.

"Hakuna mtu," nikasema. Akaumaliza ukoko, akalamba vidole, akaenda kulala kukiwa bado kuna mwanga.

Tangu siku ile mama analala vizuri. Amenenepa kidogo, magoti yanamsumbua kidogo kuliko zamani, na jina la kaka analitaja kama tunavyolitaja jina la baba, kwa wakati uliopita. Mwaka huu amesema amechoka kupanga vyakula, tupange wenyewe, na yeye atakula tutakachomwekea. Kwa hiyo juzi tumekaa barazani mimi na mdogo wangu, ungo wa mchele uko mapajani mwangu. Alianza na kuku wake wa kuchoma, nikamkubalia. Akataka soda, nikamkubalia. Nadhani alishangaa kwa nini sibishi.

"Na wali tufanyeje?" akaniuliza. "Mweupe au pilau?"

"Pilau," nikasema. "Tena makaa yawe mengi chini."

"Tutaunguza. Huo ukoko wa nani, Dada, na mama hauweki tena?"

Nilimwinulia mkono anyamaze kidogo, kwa sababu nilikuwa nasikiliza getini.